Mkimbizi na Mkimbizaji: Juu ya Lugha ya Mtu Arejeaye

Msafiri arudipo nyumbani huulizwa mambo mawili: ameona nini, na ameleta nini. Swali la kwanza hujibika kwa urahisi, maana macho hayachoki kusimulia. La pili ni gumu. Aliyekwenda mjini huleta kitambaa. Aliyekwenda pwani huleta nazi na samaki wakavu. Lakini aliyekwenda kujifunza habari za mauaji hana kitu cha mkononi. Aleta maneno tu. Basi maneno yake hayana budi kupimwa kama bidhaa nyingine zipimwavyo, tena kwa mizani kali zaidi, kwa kuwa wenye mali hawapo tena kudai wakipunjwa.

Katika makala hii nataka kupima maneno ya namna hiyo. Siandiki historia, ingawa nitaitaja. Wala sihubiri, ingawa jambo lenyewe lavuta mahubiri. Nauliza swali la mhakiki: mtu atokaye mahali walipouawa watu kwa maelfu, akirejea kwao na kushika kalamu, aandikeje kwa Kiswahili hata maandishi yake yasiwe uongo? Ni dhahiri kwamba swali hili halihusu wasafiri peke yao. Lamhusu kila mtu aliyeweka lugha yake pale palipotendeka dhuluma, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo lugha hiyo iliwekwa, ikatumika, na hata leo yatumika.

Sababu ya kuandika ni hii. Kwa muhula mmoja mimi na wanafunzi wangu kumi na mmoja wa fasihi tulisoma maandishi juu ya Wayahudi wa Ulaya, ambao karibu milioni 6 kati yao waliuawa na utawala wa Hitler na wasaidizi wake katika Vita Kuu ya Pili. Muhula ulipokwisha tulifunga safari ya kwenda Rwanda, kwa kuwa Poland ni mbali, na Rwanda ni ng'ambo ya mto. Tuliona makumbusho ya Gisozi mjini Kigali, kanisa la Nyamata, shule ya Murambi, na kanisa la Nyarubuye lililo upande wa mpaka wetu. Kisha tukarudi kwa daraja la Rusumo, tukapita Benaco, tukaingia Ngara mjini, tukashika tena barabara ya Nyakahura na Lusahunga, na usiku wa mwisho tukalala Biharamulo. Hapo nilikusanya madaftari ya wanafunzi nikayasoma kwa taa hata usiku wa manane.

Yalikuwa yameandikwa vizuri. Hati ilikuwa safi, sarufi haikuwa na kosa la kumwaibisha mwalimu, na huruma ilikuwa ya kweli. Walakini nilipoyafunga nilikuwa na fadhaa. Madaftari kumi na moja yalisema jambo moja kwa namna moja, na namna hiyo haikuwa ya wanafunzi wangu tu. Ni namna tuliyoizoea sote katika magazeti, katika hotuba na katika insha za shule. Niliona ndani yake makosa matatu, nami nitayaeleza moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza ni la kitenzi. Daftari moja lilisema: "Mwaka 1994 machafuko yalizuka Rwanda na watu wengi wakapoteza maisha." Tazama, msomaji, jinsi sentensi hii ilivyo tulivu. Machafuko yalizuka, kama moto wa nyika uzukavyo wakati wa kiangazi, pasipo mtu wa kuuwasha. Watu wakapoteza maisha, kana kwamba maisha ni ufunguo, na mwenyewe hakuwa mwangalifu. Muuaji hayumo. Amefutwa na sarufi kwa ustadi ambao wakili wake mwenyewe hangeweza kuushinda.

Kiswahili si lugha maskini hata ikose njia ya kusema. Yatupa ngazi kamili. Twaweza kusema: walikufa. Twaweza kupanda na kusema: waliuawa. Twaweza kupanda tena: waliuawa na fulani. Na ngazi ya juu kabisa ni ile ambayo mtenda husimama mbele ya kitendo chake: fulani aliwaua. Kila ngazi ina mahali pake, wala sisemi kwamba mwandishi asitumie za chini. Nasema kwamba akibaki chini siku zote, ameamua jambo, hata kama hajui kwamba ameamua.

Jirani zetu wa ng'ambo wamelifikiri jambo hili. Jina rasmi walilolipa tendo hilo kwa Kinyarwanda ni Jenoside yakorewe Abatutsi. Neno la katikati latokana na kitenzi cha kutenda, nalo limenyambuliwa kama sisi tunavyonyambua: kutenda, kutendea, kutendewa. Maana yake ni jenosidi iliyotendewa Watutsi. Haikuzuka, haikutokea, ilitendewa watu, na palipo na mtendewa pana mtenda. Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliamua kwamba siku ya kumbukumbu iwataje Watutsi kwa jina. Kwa hakika chombo cha sarufi walichokitumia Wanyarwanda kimo mikononi mwetu vilevile. Kinachokosekana ni mazoea ya kukitumia.

Wala asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa walimu wa lugha. Mahakama ya Kimataifa juu ya Rwanda, iliyoanzishwa Novemba 1994 ikakaa Arusha hata ilipofungwa mwishoni mwa 2015, iliwashtaki watu 93. Hukumu yake ya kwanza baada ya kesi kusikilizwa, ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998. Katika kesi hiyo mahakimu walimsikiliza mtaalamu wa lugha akieleza maana ya maneno yaliyotumika siku zile, kama Inyenzi, ambalo maana yake ya kawaida ni mende. Waliuliza: neno hili lilisemwa na nani, mbele ya nani, wakati gani, na msikilizaji alilielewaje? Haya ndiyo maswali ya uhakiki. Kabla panga halijainuliwa, neno lilikuwa limekwisha kumgeuza jirani akawa mdudu, na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ililieneza neno hilo nchi nzima. Kama mahakimu waliona kwamba haki haiwezi kupatikana pasipo kuchunguza maneno, mwanafunzi wa fasihi atajitetea kwa hoja gani?

Kosa la pili ni la machozi. Karibu kila daftari lilikuwa na ukurasa ambao mwandishi wake alilia. Alilia Nyamata alipoziona nguo, alilia Murambi, alishindwa kula jioni. Siwacheki. Mimi pia nilishindwa kula. Lakini nilipokuwa nikisoma niliona kwamba ukurasa wa machozi ulikuwa mrefu kuliko ukurasa wa marehemu. Msafiri alikuwa amekuja kuwatazama waliouawa, akaishia kujitazama mwenyewe akiwatazama. Kisha, baada ya machozi, likaja fundisho: basi tudumishe amani na upendo. Amani ni kitu chema. Lakini fundisho ambalo lingeweza kuandikwa kabla ya safari halikuhitaji safari.

Tuwatazame wawili waliorejea na kuandika, tuone walivyoliepuka kosa hili. Wa kwanza ni Primo Levi, mkemia wa Torino, Italia. Alipelekwa Auschwitz Februari 1944, akaokoka, akafika kwao Oktoba 1945 baada ya kuzungushwa miezi mingi katika nchi za mashariki. Alikuwa na haki ya kulia kuliko sisi sote, kwa kuwa yeye hakwenda kutazama, alikuwemo. Lakini kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1947, kina sauti tulivu ya shahidi asimamaye mbele ya hakimu. Aeleza bei ya mkate kambini, namna ya kulala, namna viatu vinavyoweza kumwua mtu. Ghadhabu amwachia msomaji. Naye mwaka 1963 alitoa kitabu cha safari ya kurudi, La tregua, ambacho jina lake lamaanisha mapatano ya kusimamisha vita kwa muda. Mwisho wa kitabu hicho mtu amekwisha kufika nyumbani, yumo mezani pamoja na jamaa zake, na bado ndotoni nyumba yayeyuka naye ajikuta kambini tena. Kwa Levi kufika si kurejea. Mwili waweza kushuka kituoni siku moja, na mtu mwenyewe akabaki njiani miaka mingi.

Wa pili ni Boubacar Boris Diop wa Senegal. Mwaka 1998 yeye na waandishi wenzake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikwenda Rwanda katika safari ya kujifunza, ili waandike kwa wajibu wa kukumbuka. Safari yao ilifanana na yetu, isipokuwa wao walikuwa mabingwa. Riwaya yake, Murambi, ilitoka mwaka 2000. Humo yumo Cornelius, Mnyarwanda aliyekuwa akiishi Djibouti, ambaye arudi kwao baada ya mauaji akitarajia kuomboleza jamaa zake na kutunga mchezo wa kuigiza juu ya yaliyopita. Anapofika agundua kwamba mpangaji wa mauaji ya Murambi, ambamo mama yake na ndugu zake walikufa, ni baba yake mzazi. Mchezo aliotaka kuutunga auacha. Hapa ndipo ilipo nguvu ya kitabu hiki: mtu arudi akidhani kwamba yeye ni mwana wa waliouawa, akuta kwamba ni mwana wa muuaji pia. Machozi yake hayawezi tena kumsafisha. Hana budi kuuliza yeye yumo wapi katika sentensi.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye kosa la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Lakini kabla ya kulieleza yafaa nitazame maneno matatu tuliyonayo katika Kiswahili, maana kosa lenyewe limejificha ndani yake.

Neno la kwanza ni maangamizi. Wako waandishi wasemao Holokosti, wakifuata neno la Kiyunani lenye maana ya sadaka ya kuteketezwa. Jina hilo wengi wamelikataa, nao wana haki, kwa kuwa pale hapakuwa na kuhani wala madhabahu; palikuwa na watu waliowaua watu. Wayahudi wenyewe wengi hupenda Shoah, yaani maafa. Sisi husema maangamizi. Ni neno zito, lafaa. Lakini lisikilize vizuri: ndani yake mna kuangamia na mna kuangamiza. Aliyeangamia na aliyeangamiza walala katika nyumba moja, na neno halituambii ni nani aliyeufunga mlango kwa nje.

Neno la pili ni kimbari, katika mauaji ya kimbari. Mwaka 1944 Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliunganisha neno la Kiyunani la ukoo na neno la Kilatini la kuua, akapata jina ambalo Umoja wa Mataifa uliliingiza katika mkataba wa tarehe 9 Desemba 1948. Kiswahili kilifuata njia hiyohiyo kwa kutumia neno la asili, mbari. Ni tafsiri nzuri. Hata hivyo ina mtego. Msomaji aweza kudhani kwamba mbari ilikuwa ndiyo sababu, yaani kwamba watu wa damu mbili walipigana kwa kuwa damu zao ni mbili. Watu hao walisema lugha moja, walikaa kilima kimoja, wakaoana. Ni utawala wa Wabelgiji ambao katika miaka ya 1930 uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kilisomwa vizuizini na watu wenye mapanga. Basi mbari katika jina hili hailezi asili ya aliyeuawa. Yaeleza nia ya aliyeua. Mwandishi asiyeliweka jambo hili wazi ameipokea hoja ya muuaji pasipo kujua.

Neno la tatu ni mkimbizi, na hapa twarudi Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Maelfu yao waliopolewa upande wa Uganda wakazikwa Kasensero, Lambu na Ggolo. Juu ya daraja walipita watu walio hai, na mpakani palirundikwa mapanga yaliyoachwa na wapitaji. Kambi ikasimama Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Baadaye zikaongezwa nyingine, kama Lumasi, Musuhura na Kitali. Magazeti, redio, serikali na sisi sote tuliwaita watu hao kwa jina moja: wakimbizi.

Wanafunzi wangu nao waliandika hivyo. Mmoja wao ni mzaliwa wa Ngara, na daftari lake lilisema: "Wakimbizi walipokelewa vizuri na wananchi wa Ngara." Asubuhi, kabla ya kuondoka Biharamulo, nilimwita nikamwuliza, "Wakimbizi gani?"

Akanijibu, "Mwalimu, kwetu wote waliitwa wakimbizi. Watu hawakuwa na neno jingine."

Jibu lake lilikuwa bora kuliko daftari lake. Kwa kweli neno hili lilikuwa limekwisha kuwahudumia watu wengi kabla ya siku ile. Tangu 1959 na kuendelea Watutsi walipofukuzwa Rwanda, baadhi yao walikaa Muyenzi, katika wilaya hiyohiyo ya Ngara. Nao waliitwa wakimbizi. Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, Warundi walivuka; nao waliitwa wakimbizi. Aprili 1994 wakaja hawa, wengi wao Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, wazee na watoto wasio na kosa lolote, wengi sana. Walikuwamo pia waliotoka kuua wiki mbili nyuma.

Sasa litazame neno lenyewe. Kisarufi mkimbizi latokana na kukimbia, kama mtetezi litokavyo katika kutetea, mwokozi katika kuokoa, na mkombozi katika kukomboa. Sauti ya z ni alama ya mtenda tu. Lakini sikio halisomi sarufi. Sikio lasikia kukimbiza, yaani kumfanya mwingine akimbie. Hakuna kitenzi kuteteza, kwa hiyo mtetezi hana mshirika. Lakini kukimbiza kupo, na kwa hiyo ndani ya mkimbizi hujificha mkimbizaji. Ajali hii ya sauti, ambayo katika siku za kawaida haina madhara, Benaco ilikuwa ukweli mtupu. Aliyekimbia na aliyekimbiza waliandikwa katika daftari moja la chakula.

Sisemi haya kwa mfano tu. Sylvestre Gacumbitsi alikuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, ng'ambo ya daraja. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani tarehe 17 Juni 2004 kwa jenosidi, maangamizi na ubakaji, pamoja na sehemu yake katika mauaji ya kanisa la Nyarubuye ya katikati ya Aprili 1994. Na mwaka 2006 mahakama ya rufani ilimwongezea adhabu ikawa kifungo cha maisha. Baina ya Nyarubuye na Arusha aliishi wapi? Aliishi Benaco, kisha akakamatwa mkoani Kigoma Juni 2001. Kwa muda huo wote neno letu lilimfunika. Kambi zilikuwa zimepangwa kwa komuni zilezile za Rwanda, na walioongoza huko waliongoza huku, hata katika ugawaji wa chakula. Juni 1994 ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, mtu mwingine ambaye mahakama hiyo ilikuja kumhukumu, aondoke Benaco, umati uliinuka kumlinda na wafanyakazi wa misaada wakatishwa. Kabla mwaka haujaisha tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini, likisema kwamba haliwezi kuwatibu watu kwa njia inayowatia nguvu wauaji.

Hapa msomaji aweza kunipinga. Atasema: mwenye njaa haulizwi jina, watu wa Ngara na Biharamulo walipokea wageni walio wengi kuliko wao wenyewe, wakapoteza misitu na maji na mazao, na wewe wakaa na kitabu wawahukumu kwa neno moja. Pingamizi hili nalipokea kwa heshima. Mkulima aliyempa maji mtu aliyefika mlangoni hakuwa na wajibu wa kuwa hakimu. Kihangaza chake chakaribiana na Kirundi na Kinyarwanda. Alisikia mtu analia kwa maneno yanayofanana na ya mama yake, akatoa kibuyu. Huyo hana deni kwangu. Lakini mimi sisemi na mkulima. Nasema na sisi tunaoandika. Mkulima alikuwa na usiku mmoja wa kuamua. Sisi tumekuwa na miaka zaidi ya thelathini, na bado twaandika neno lilelile kana kwamba kumekucha sasa hivi.

Tena liko jambo la pili, nalo latugusa sisi wenyewe. Daftari la mwanafunzi yule liliendelea: "Mwaka 1996 wakimbizi walirudi kwao." Kurudi ni kitenzi cha mtu mwenye hiari: msafiri hurudi, mwana hurudi, ng'ombe hurudi zizini jioni. Je, walirudi? Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali ya Tanzania pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wameondoka hata mwisho wa mwezi huo. Katikati ya mwezi makundi makubwa yalitoka kambini, lakini hayakuelekea darajani. Yalielekea mashariki, ndani ya nchi yetu, kwa barabara na kwa mapori, kwa njia ileile tuliyoipita sisi kwenda Biharamulo tukiwa tumekaa juu ya viti laini. Askari wetu wakayasimamisha, wakayageuza, wakayaelekeza Rusumo. Mwezi ulipokwisha karibu watu nusu milioni walikuwa wamevuka.

Basi kitenzi cha kweli si kurudi, bali kurudishwa. Na tukipanda hata ngazi ya juu, kama tulivyowataka wengine wapande, ni: tuliwarudisha. Huenda lilikuwa jambo la lazima. Huenda pasipo hilo kambi zingezaa vita vingine, kama ilivyotokea Zaire. Wanahistoria na wanasheria watalijadili, nao wana hoja kwa pande zote mbili. Lakini mwenye hatia na asiye na hatia waligeuzwa katika barabara moja, kama vile walivyopokelewa kwa neno moja, na mwandishi wa Kitanzania asemaye "walirudi" amejifuta mwenyewe katika sentensi kwa ufundi uleule aliowalaumu wengine nao. Ndiyo maana nimesema kosa hili ni kubwa kuliko yote. Kudai kwamba Mjerumani amtaje muuaji wa Kijerumani, na Mnyarwanda amtaje muuaji wa Kinyarwanda, ni rahisi. Kazi huanza mtu avukapo daraja la kwao.

Ni nini basi tutakachomtaka mwandishi wa Kiswahili? Kwanza, asidhani kwamba lugha yake ni ngeni katika kazi hii. Watenzi wetu wa zamani walizoea kutaja watenda. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alisema ni nani aliyekuja, ni nani aliyeamuru, na ni nani aliyenyongwa. Shaaban Robert aliichukua vita ya 1939 hata 1945, akaipitisha katika utenzi wa beti zaidi ya 3,000. Hawakuona kwamba mambo makubwa ya dunia ni ya lugha nyingine. Pili, akumbuke alilofanya Diop baada ya Murambi. Mtu huyu aliyekuwa akiandika Kifaransa alirudi kwao akaandika riwaya kwa Kiwolofu, Doomi Golo, iliyotoka mwaka 2003, naye ameeleza kwamba Rwanda ndiyo iliyomsukuma. Alikuwa ameona mahali ambapo maneno yaliua, akataka kuandika katika lugha ambayo watu wake mwenyewe wangeweza kumkamata akisema uongo. Huko ndiko kurejea kwa kweli: kuandika pale ambapo wasikiao wana uwezo wa kukukosoa.

Sisi tunayo lugha hiyo tayari. Mzee wa Benaco, dereva wa lori alalaye Lusahunga, mwalimu wa Rulenge, wote waweza kusoma daftari la mwanafunzi wangu na kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Hii ni neema, na pia ni hatari, na mwandishi asiyeitaka hatari hiyo aandike juu ya mambo mengine.

Daftari moja lilimaliza kwa sentensi iliyopendeza sana. Lilisema kwamba leo maporomoko ya Rusumo yatoa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, na kwamba kwa hiyo mto umesahau. Umeme ni kweli, nao ni jambo la kushukuru. Lakini mto haukumbuki wala hausahau. Kazi hizo mbili ni za watu, na atakaye kuupa mto kazi ya kusahau ataka kustarehe yeye.

Niliwarudishia wanafunzi madaftari yao pasipo alama, nikawataka waandike upya sentensi moja tu, yoyote waitakayo. Yule wa Ngara alikaa nalo njia nzima. Jioni aliniletea karatasi. Alikuwa ameandika: "Mwaka 1994 watu waliowaua jirani zao walikuja kwetu pamoja na watu wasiomwua mtu, nasi tuliwapa wote chakula na jina moja, na mwaka 1996 tuliwarudisha wote kwa barabara moja, na jina lile bado tunalo."

Nikamwuliza kama amemaliza. Akasema bado, alitaka kwanza kwenda kumsomea bibi yake.